Kilichozikwa Nyuma ya Jiko

Baba aliikuta chupa kichanjani, imeoshwa, imepinduliwa pamoja na vikombe. Alimuuliza mama, mama akaniuliza mimi, nami sikujua. Bibi, mama yake baba, alikuwa akipepeta mchele uani. Hakuinua macho.

"Nimeshakilaza," alisema. "Pale pale nilipozika kitovu chake."

Ndani ya chupa ile mlikuwa na kipande cha tezi ya shingo ya kaka yangu. Kilikatwa hospitalini Kilosa, kikatiwa dawa ya kuzuia kuoza, akakabidhiwa baba akipeleke Mikumi, maana siku zile ndugu wa mgonjwa ndiye aliyekuwa tarishi. Lakini kwa bibi nyama ya mtu aliye hai haisafirishwi kama nyanya. Kinachotoka mwilini hurudi ardhini, kabla mwenyewe hajaanza kukitafuta usingizini.

Mikumi kulikuwa na daktari mgeni ambaye asubuhi hiyo angeondoka na vipimo kwenda kwao Ulaya. Saratani za mitoki, tezi kama ile ya shingoni, zilifanana mno kwenye darubini yetu. Moja huua upesi ila huitikia dawa kali. Nyingine, dawa hizo hizo zingemmaliza kaka bure. Hakuna aliyethubutu kumtibu kwa kubahatisha.

Kaka alikuwa mpakiaji mizigo stesheni. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yalishuka kila treni, na mgongo wake ulisifiwa mji mzima. Sasa hata uji ulimshinda. Alipoambiwa alichofanya bibi, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi mwili umetangulia, bibi. Mimi nitaufuata polepole."

Bibi akampiga kofi la paja, kisha akajifunika khanga usoni.

Tulidandia lori la mkaa, baba, kaka na mimi, ili akatwe upya kabla mgeni hajaondoka. Nilimshikia kaka kitambaa chenye maji mdomoni njia nzima, nikimwomba Mungu amcheleweshe mgeni: tairi lipasuke, tembo walale barabarani. Tulipofika alikuwa ameshaondoka.

Daktari wa pale alimkata kaka mara ya pili. Kipande kingesubiri msafiri mwingine. Nilikuwa kidato cha pili, mbishi, nikamuuliza huko Ulaya wana nini ambacho sisi hatuna. Alinichorea kwenye kiganja chake. Ndani ya kila seli mna nyuzi, kromosomu. Huko Ulaya humwagia juu yake vipande vya vinasaba vilivyotiwa rangi inayowaka, na kila kipande huenda kugandama mahali pake. Gizani, chini ya darubini, kijani huwaka kwake na nyekundu kwake. Zikionekana zimeshikana, basi uzi mmoja umekatika ukaungwa na mwingine, na ugonjwa umejitaja.

"Ukijitaja, dawa?"

"Dawa zipo Dar. Jibu ndilo hatuna."

Tuliporudi, bibi aliuliza jambo moja tu kuhusu kile kipande cha pili: huko kinakokwenda, nani atakizika?

Mvua zilianza. Kila asubuhi nilikwenda posta kuuliza simu ya majibu, nikarudi nikimkuta kaka shingo imemeza kidevu. Aliacha kutania. Kisha akaacha maji. Alifariki mchana, mama akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

Daktari wa Mikumi alikuja mwenyewe, arobaini haijafika, na picha mkononi. Weusi mtupu, ndani yake miduara ya bluu, na ndani ya miduara nukta za kijani na nyekundu zimekumbatiana. Alijaribu kusema polepole. Ilikuwa ile inayoitikia dawa.

Baba alitoka nje. Hakumwangalia bibi, na hadi leo sijui kama aliwahi kumwangalia tena sawasawa.

Bibi aliishika picha kwa mikono miwili. "Huyu ndiye yeye?"

"Ni yeye, bibi," daktari alisema.

Aliniita nimfuate na jembe. Nyuma ya jiko, pale pa kitovu, nilichimba mimi, maana mikono yake ilikataa. Akanielekeza niilaze picha kifudifudi, taa zile zisimsumbue.