Sauti ya Kwenye Kaseti Naijua Mimi Peke Yangu

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu, maana Isiolo ni mji mdogo na wakwe zangu wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Wabera. Mume wangu ni dereva huko Uarabuni. Hajui kuandika, kwa hiyo hututumia kaseti kwa watu wanaotoka kuhiji, nasi hukusanyika kusikiliza.

Majuzi shemeji yangu alileta kaseti na redio yake mbele ya wazee. Sauti ikasema binti yetu Halima aolewe na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Halima, ambaye ameitwa sekondari juzi tu! Sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya kujikokota, kisha ikakwama kabla ya mwisho. Nikapandwa na hasira, nikasema mbele ya wote, "Huyo si bwana yangu. Shemeji amejirekodi!"

Shemeji akaruka. "Wallahi, huyo ni ndugu yangu!"

Ami yao, mzee tunayemheshimu, akamtuliza. "Ngoja. Mama Halima ndiye anajua sauti ya mtu yake. Akae na kaseti mpaka Idi ipite. Akiapa si yeye, hakuna harusi."

Nilifurahi kweli. Nikanunua mawe mapya ya redio yangu, yaani betri, nikajifungia chumbani nisikilize tena, nimkamate shemeji vizuri. Jamani, kumbe mawe ya redio ya shemeji yalikuwa yamechoka tu. Sauti ilitoka safi, na ilikuwa ya mume wangu. Kile kikohozi chake kidogo kabla ya kunitaja nakijua hata usingizini. Na pale ilipokuwa imekwama, anasema, "Mwambieni Mama Halima asinikasirikie. Nimeshatoa neno langu." Nililia, maana nimeikosa sana sauti hiyo, na papo hapo nikaichukia.

Jioni Halima alinifuata jikoni. "Mama, mimi nilijua si baba. Baba hawezi kunifanyia hivyo." Nikaendelea kukoroga uji.

Nikiapa si yeye, nitakuwa nimemtaja Mungu kwa uongo, na shemeji ambaye hakukosa ataitwa tapeli mji mzima. Nikisema kweli, mtoto wangu anaolewa, na atajua ni baba yake aliyemtoa. Silali, sili vizuri, na wazee wananisubiri mimi tu.

Ninyi mlio wazazi, nishaurini: nikisimama mbele yao, niseme sauti ile ni ya nani?