Matairi ya Theluji Niliyochagulia Mchesi

Kwetu mdogo hanunui kitu kikubwa mpaka mkubwa wake akiwekee mkono. Iwe ng'ombe, iwe baiskeli, mkubwa anaweka kiganja juu yake, anasema neno, njo kinakuwa chako kweli. Baba alitulea hivyo Bukavu, na vita vilipotuleta kambi ya Dzaleka, Malawi, hatukuacha. Basi mdogo wangu, aliyehamishiwa Kanada na mke na watoto wake, alipopata lori lake la kwanza akanipigia simu ya video mimi kaka yake mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu.

— Yaya, huku theluji inakaribia. Duka iko na matairi aina mbili. Kazi inaanza Jumatatu, na barabara yetu inashuka mulima mpaka mutoni. Nikiteleza, njo mwisho wangu. Unichagulie.

Furaha iliyonipata! Mimi muuza maandazi wa kambini, zamani nilikuwa dereva wa lori kwenye matope ya Kivu, yale yanayomeza gari mpaka mlangoni. Akanionyesha matairi ya kwanza: meno makubwa, mpira mgumu. Ya pili yalikuwa laini, yamechanjwachanjwa vimistari uso mzima. Nikacheka.

— Hayo ni ya batoto! Chukua meno makubwa, mambo imekwisha.

Mama alikuwa anachambua maharage pembeni. Hakuinua hata kichwa.

— We theluji uliiona wapi?

Jamani, mama yangu! Nilipandwa na hasira, nikamwambia matope na theluji ni ndugu. Akajibu kwamba ndugu hawafanani tabia, yeye amezaa, anajua. Lakini usiku nililigeuzageuza neno lile kitandani. Je, kama nimemchagulia mdogo wangu kifo?

Kesho yake nilikwenda Lilongwe kutafuta unga. Alasiri nikapita soko la Mchesi, kwa mama mmoja Mrundi anayeuza samaki. Alikuwa amezima friza yake, anabandua barafu na kuitupa chini, mabamba mapana meupe. Nikasema moyoni, theluji si hii hapa? Miguuni nilivaa sendo zangu zilizokatwa kwenye tairi kuukuu la lori, lenye meno makubwa yale yale. Nikapanda juu ya barafu, kifua mbele.

Hata hatua sikuimaliza. Nilikwenda chini matako kwanza, puu, mbele ya soko zima! Waendesha kabaza wakanipigia kengele za baiskeli zao. Muuza nyanya akanipa pole kwa Kichewa, "Pepani, bambo!", huku machozi ya kicheko yanamtoka. Yule Mrundi akaja kuniinua, akaikanyaga barafu ile ile, akasimama wima. Nikamtazama miguu.

— Mama, inua mguu kidogo.

— Unataka kuninunulia viatu, ao umeumia kichwa?

Akainua. Buti zake za mpira zilikuwa laini, na soli imejaa vimistari vidogovidogo. Nikampigia mdogo wangu pale pale, bado nimekaa kwenye maji ya samaki. Kwake ilikuwa asubuhi.

— Umeshanunua?

— Niko mulangoni mwa duka, yaya.

— Acha meno! Chukua ile laini, yenye mistari!

— Lakini ulisema ni ya batoto.

— Si una batoto? Chukua!

Akaingia, akasogeza simu mpaka ikagusa tairi. Nikaweka kiganja changu chenye magamba ya samaki juu ya kioo, nikasema: "Yakubebe, yakusimamishe, yakurudishe nyumbani." Mrundi akaitikia amina, na muuza nyanya naye, ingawa hakuelewa hata neno.

Jumatatu nyumba yetu ilijaa majirani. Shemeji yangu alisimama chini ya mlima kule Kanada, ameshika simu atuonyeshe; theluji ilikuwa imeshaanguka. Mama alikuwa na rozari mkononi. Lori likaanza kushuka kwenye weupe ule, polepole, likakaribia mto. Mdogo wangu akakanyaga breki. Likasimama pale pale, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Vigelegele vilivyopigwa! Mdogo wangu akafungua mlango, akainua mikono juu, akaruka chini kwa furaha, na akaenda matako kwanza, puu, vilevile kama mimi.

Mama alicheka mpaka rozari ikamponyoka. Kisha akanigeukia.

— Lori imesimama. Sasa umuchagulie na viatu.