Nilikwenda Kununua Nyumba, Nikapewa Mchumba

Naandika polepole kwa sababu niliishia darasa la saba, lakini pia kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu, na kila nikifika mahali pabaya mkono unasita. Pale Kasulu bado wapo watu ambao wakiniona sokoni wanagusana viwiko na kuulizana, "Si ndiye yule wa chungu?" Ndiye mimi. Afadhali mlisikie kutoka kwangu, maana wanaolisimulia wameongeza mbuzi, na mbuzi hakuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vipya. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale mjini Kasulu na nilipanga chumba nyuma yake, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba mashine ikiwashwa chumba kizima kinatetemeka na kikombe kinatembea chenyewe juu ya meza mpaka kianguke (kilikuwa cha bati, hakikuvunjika, kilibonyea tu). Nilikuwa nimeshapatana na Domitila, binti wa Mzee Bukuru wa Heru Juu, na mahari ilikuwa imeshapokewa. Siku moja Mzee Bukuru akaja kuona ninapoishi. Akaketi kitandani, mashine ikawashwa, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili kama mtu aliyepakiwa juu ya lori.

Mashine ilipozimwa akasema, "Mwanangu, binti yangu hawezi kuishi ndani ya ngoma. Tafuta nyumba. Nakupa mpaka mavuno ya maharage. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu, kuna watu wengine wanaoniuliza habari zake."

Mimi nina haya tangu kuzaliwa. Shuleni nilikuwa najua jibu nanyamaza, mwenzangu anapigiwa makofi kwa jibu langu. Kwa hiyo sikumjibu Mzee Bukuru chochote, ila siku ya pili yake nilikwenda kwa Athumani.

Athumani alikuwa dalali. Alivaa kofia ya kushonwa kwa mkono, baiskeli yake ilikuwa na kengele mbili, na alikuwa na Kiswahili laini cha watu wa pwani, ambacho sisi tuliokulia kwenye Kiha tukikisikia tunaona kila neno ni la kweli. Akanishika bega. "Mdogo wangu, nyumba ninayo. Imekaa pale inakungoja wewe tu."

Akanipeleka. Tukasimama ng'ambo ya barabara, naye akanionyesha kwa kidevu: nyumba ya bati, mlango wa buluu, mipapai miwili mbele. Moyo wangu ukaniambia Domitila anafaa kusimama kwenye mlango ule. Mwenye nyumba, Athumani akasema, ni Mzee Kagoma, karani wa kupima tumbaku huko Kibondo, anataka kuuza ahamishie familia yake huko.

"Ndani utapaona siku mwenyewe akija," akasema. "Ila kama una haraka, bisha hodi tu, uombe maji ya kunywa, utazame."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitazama ule mlango, nikafikiria kusema hodi kwa watu nisiowajua, nikasikia jasho mgongoni, nikasema, "Hapana, kaka, hapa panatosha."

Basi ikaanza kesho na keshokutwa. Wiki ya kwanza, Mzee Kagoma anashuka wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, mvua imekata barabara. Barabara ikatengenezwa, balozi wa nyumba kumi anaumwa, na bila balozi hakuna shahidi. Balozi akapona (nilimwona kwa macho yangu amebeba gogo), nikaambiwa kuna jambo dogo la kifamilia, linarekebishwa. Mara moja nilichoka nikapanda lori la mizigo mpaka Kibondo nimtafute mwenyewe. Nilikaa juu ya magunia siku nzima, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi, nikaambiwa Mzee Kagoma ameondoka asubuhi ile ile kwenda Kasulu. Nikakumbuka kwamba njiani tulipishana na lori jingine, na juu yake kuna mzee mwenye koti alinipungia mkono, nami kwa adabu nikampungia. Niliporudi Kasulu nikakuta naye amesharudi Kibondo.

Wakati huo wote maharage yalikuwa yanakua.

Mimi kwa wasiwasi nikaanza kupitia kwenye ile nyumba kila jioni nikitoka kazini. Sikufanya kitu. Nilisimama tu ng'ambo ya barabara, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, nikihesabu bati, nikipanga kitanda kitakaa upande gani, nikitabasamu peke yangu. Humo ndani aliishi mke wa Mzee Kagoma na binti yao mmoja aitwaye Yustina, msichana mrefu asiyeogopa mtu. Jioni moja akatoka na ndoo, akasimama mbele yangu.

"Wewe kaka, wiki ya tatu sasa. Unamtafuta nani hapa?"

Nikasema, "Naangalia tu."

"Unaangalia tu?"

"Ndiyo. Naangalia tu." Nikaondoka mbio mpaka kandambili moja ikabaki. Nyuma yangu nikamsikia anacheka, halafu anamwita mama yake.

Siku iliyofuata kandambili yangu ilikuwa imewekwa juu ya jiwe pale pale ninaposimama, imeoshwa. Nikajisemea, hawa ni watu wazuri, nyumba yao itakuwa na baraka. (Nawaomba msicheke bado.)

Maharage yalipoanza kukauka, Athumani akaja mashineni huku anapiga kengele zote mbili. "Jumamosi saa nne! Mzee anashuka. Njoo na wazee wako."

"Na lile jambo la kifamilia?"

"Jumamosi linakwisha."

Nilimwambia Mzee Bukuru, akasema atakuja mwenyewe, kwa sababu hawezi kumpa binti yake nyumba ambayo hajaigonga kuta. Nikamwambia na mjomba wangu Gwasa wa Nyakitonto, ambaye ni mtu wa maneno mengi, awe msemaji badala yangu. Mjomba akashtuka. "Unakwenda kwa mtu kununua nyumba mikono mitupu? Majirani watakumbuka nini?" Akatengeneza pombe ya ndizi, chungu kikubwa, akakifunga shingoni kwa majani mabichi ya mgomba ili isimwagike njiani. Mimi nikaazima suruali ya bugaluu kwa rafiki yangu, pana chini kama kengele mbili, na shati jipya nikalinunua.

Sasa tutazameni wenyewe. Wazee wawili wenye fimbo, kijana aliyevaa shati jipya na kuinamisha macho, na chungu cha pombe chenye majani mabichi. Kwetu huko hakuna anayeuliza mmekuja kufanya nini.

Tulipotokea tu barabarani, Mama Yustina akapiga kigelegele. Mimi nikashangaa, nikasema moyoni, kumbe watu wa mjini wakiuza nyumba wanafurahi hivi! Tukapiga makofi ya salamu, "Mwakeye, mwakeye," tukaitikiwa, tukawekewa mkeka mpya na viti vya jirani. Balozi akaja, majirani wakaja, wanawake wakajaa kwenye mlango wa jikoni wakinitazama na kunong'onezana. Mzee Kagoma hakuwa amefika. Mama akasema, "Baba yake anakuja leo kutoka Kibondo, itakuwa lori limechelewa. Lakini chungu hakingoji."

Na kweli hakingoji. Tena kwetu maneno hayaanzi kabla mirija ya kunywea haijazunguka, na mtu anayetaja shida yake mapema wanamwona hakufunzwa nyumbani. Kwa hiyo tukanywa. Hakuna aliyesema neno nyumba, hakuna aliyesema neno binti. Tulizungumza habari za mvua, za maharage, za mguu wa balozi. Mjomba Gwasa akawachekesha watu mpaka mmoja akapaliwa.

Mzee Bukuru peke yake hakutulia. Aliinuka akazunguka nyumba, akagonga kuta kwa fimbo, ko ko ko, akainama kutazama msingi, akaenda mpaka chooni akakaa huko kitambo. Nikamsikia mama mmoja mlangoni anasema, "Haya! Wakwe wa siku hizi wanakagua mpaka choo?" na mwenzake akamjibu, "Nyamaza, labda ni desturi ya Heru."

Neno wakwe nililisikia. Nilidhani wanamtambua Mzee Bukuru kuwa ni mkwe wangu, nikafurahi.

Chungu kilipofika nusu, Mama akapiga makofi mawili na Yustina akatoka. Alivaa kanga mpya, amejipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Akapiga magoti mbele yangu mimi, akiwa ameshika mrija kwa mikono miwili.

Watu wote wakageuka kunitazama. Mimi nikajua hapa kuna kitu hakiko sawa, lakini niseme nini, mbele ya watu thelathini, na msichana amepiga magoti? Nikaupokea mrija. Nikanywa. Kwa kuogopa kuinua macho nikaendelea kunywa, na nikanywa sana.

Vigelegele vikapasua bati. Balozi akanipa mkono, "Hongera, mwanangu, wiki zote hizo umesimama kwenye jua!" Mama Yustina akawa anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Na hapo Mzee Bukuru akatokea kona ya nyumba akitoka chooni, akatazama, akauliza kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe:

"Na huyu binti anauzwa pamoja na nyumba?"

"Nyumba gani?" akauliza Mama Yustina.

Nilimtazama Mjomba Gwasa anisaidie. Mtu wa maneno mengi siku hiyo alikuwa anatazama ndani ya chungu kana kwamba jibu limezama humo.

Kabla mtu hajajibu, lori likapiga breki barabarani. Akashuka mzee mwenye koti, yule yule wa kunipungia mkono, na nyuma yake Athumani na kofia yake, akishusha baiskeli. Mzee Kagoma akaona mkeka, akaona chungu, akaona mke wake ana machozi na watu wamejaa, uso wake ukachanua. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Mke wangu! Mungu akubariki! Nilikuwa naogopa miezi yote hii kukwambia, kumbe umeshakubali niiuze!"

Jamani.

Hilo ndilo lilikuwa jambo dogo la kifamilia. Alikuwa hajamwambia mkewe. Alipanga amwambie siku hiyo hiyo mbele ya balozi na wazee wangu, ili mama aone haya kukataa mbele ya wageni. Mama hakuona haya. Alivua kandambili, akamwuliza mumewe kama anadhani yeye ni mzigo wa tumbaku wa kupimwa na kuhamishwa, halafu akamgeukia Athumani, lakini pale alipokuwa amesimama palikuwa na vumbi tu, na mbali kule tukasikia kengele mbili. Balozi akasema chungu kimeshanywewa, kwa hiyo kwa desturi kuna mtu amekubaliwa, ila yeye kama balozi hajui ni nyumba au ni binti.

Yustina ndiye aliyeniokoa, kama kuokoa ni neno lenyewe. Aliinuka, akapangusa magoti, akasema watu wote wasikie, "Mimi nilikubali kwa kumhurumia huyu. Mwanaume anasimama mwezi mzima anashindwa kusema hodi, siku ya kuzaa mtoto si atampungia mkono kutoka barabarani?" Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena mpaka leo. Hata Mjomba Gwasa alicheka. Mjomba wangu mwenyewe!

Sikuaga. Nilipoinuka nilikanyaga mguu mpana wa bugaluu, nikaanguka kwenye chungu, na pombe iliyobaki ikanimwagikia. Nikatoka hivyo, nimelowa, nikamfuata Mzee Bukuru ambaye alikuwa ameshashika njia ya Heru Juu bila kugeuka nyuma.

Tulitembea mwendo mrefu, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma, nanuka ndizi. Nilikuwa na hakika kila hatua inanipeleka kurudishiwa mahari yangu. Nilijaribu kutengeneza maneno ya kujitetea, na kama kawaida yangu yakabaki kifuani. Kwenye mteremko wa mwisho akasimama. Nami nikasimama, nikaacha zile zile hatua ishirini.

"Wewe. Sogea hapa. Mimi si nyumba ya kutazamwa kwa mbali."

Nikasogea.

"Binti yangu unamtaka?"

"Ndiyo, baba."

"Sema kwa sauti."

"Namtaka!" Nilipiga kelele mpaka mwanamke aliyekuwa analima ng'ambo ya bonde akainua jembe kutazama.

Mzee Bukuru alikaza uso, lakini mabega yalikuwa yanacheza, na mwisho akashindwa, akaketi chini kando ya njia akacheka mpaka akakohoa. "Yule binti amekupigia magoti," akasema, "ungeona macho yako!" Akajifuta. "Hata hivyo ukuta wa nyuma una ufa. Na kijiji chetu kinagawa viwanja bure, wewe unazunguka na madalali. Utajenga karibu na kwangu, nikuone."

Nilijenga. Nilifyatua matofali kwa mikono yangu mpaka mavuno mengine, na mzee alinisubiri, ingawa kila wiki alikuja kugonga kuta kwa fimbo yake. Ni nyumba ya nyasi, haina mlango wa buluu. Lakini nimeapa sitasimama tena nje ya nyumba ya mtu, iwe naomba maji au moto au njia, nitasema hodi kwanza hata kama jasho litanitoka. Nimezoea kiasi kwamba hata kwangu mwenyewe nabisha kabla ya kuingia, na Domitila, ambaye ya chungu alisimuliwa na baba yake siku ile ile na ya kandambili nikamsimulia mwenyewe, hunijibu kutoka jikoni:

"Unaingia, au unaangalia tu?"