Milango Miwili Yenye Adabu

Nakumbuka siku ile, mwanangu, masika yakikaribia kule Vuga, nami bado mgeni kazini, maneno mengi kuliko uzoefu. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuendesha milango miwili ya bwawa la kumwagilia mboga, mmoja wa wakulima wa kulia, mwingine wa kushoto. Chini ya tuta la bwawa aliishi Mama Hadija na wajukuu zake. Tuta likibomoka, nyumba yake ingekuwa ya kwanza kwenda na maji.

Aliyeandika programu ni mwenzangu Habibu, kijana wa bonde hilohilo. Aliitia adabu ya kwao, maana huko mtu hachukui maji jirani akiwa anayataka, humpisha kwanza. Basi kila mlango, ukiona wa pili unaomba kufunguka, uliupisha. Kisha tukaandika sharti kwa lugha ya hesabu: milango isifunguke yote kwa pamoja, kwa kuwa mfereji wa chini haubebi maji ya pande mbili. Tukaiachia kompyuta ipitie kila hali inayoweza kutokea, si zile tu tulizojaribu wenyewe. Ikajibu kwamba sharti halivunjiki kamwe. Habibu alifurahi hadi akatuagizia chai sote.

Bi Zubeda, mhandisi mkuu wetu, aliinywa chai hiyo taratibu, halafu akauliza kama tumeandika pia kwamba bwawa likijaa lazima mlango mmoja ufunguke. Hatukuwa tumeandika. Tulipoongeza sharti hilo, kompyuta ilituonyesha maafa yenyewe: mvua inanyesha, bwawa linajaa, milango yote inaomba, kila mmoja unaupisha mwingine, na yote inabaki imefungwa. Watu wawili wakipishana hivyo hucheka, mmoja akatangulia. Mlango haucheki.

Nilimhurumia sana Habibu. Kwa Mama Hadija alikula tangu utotoni, na sasa hata chai ilimshinda. Bi Zubeda alisogeza kiti karibu naye.

"Jibu lako ni la kweli, mwanangu," alimwambia. "Swali ndilo lililokuwa nusu. Umeandika lisilotakiwa kutokea, ukasahau linalotakiwa litokee."

Tukarekebisha: bwawa likijaa, upande ambao haukutangulia mara iliyopita ndio utangulie. Tukahakiki upya masharti yote mawili. Mvua ilipokuja ilitisha kweli, lakini maji yalishuka mferejini kwa zamu. Asubuhi Mama Hadija alikuwa nje anapalilia kabichi zake, wala hakujua kwamba tulimwogopea.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uthibitisho hauwezi kukulinda na jambo ambalo hukuliuliza. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kaa na watakaoishi chini ya kazi yako, ujue wanaogopa nini na wanahitaji nini. Yaandike yote mawili, kisha hakiki. Na mkubwa akikukosoa, usinune; anakupenda. Nakuombea Mungu akujalie mtu wa kukuuliza mapema, kabla mvua haijakuuliza.