Mwali Hangoji Lori

Nakumbuka siku moja pale Ufukoni, kwenye banda tulikokuwa tukibangua korosho, Sharifa alisimama alasiri, akakung'uta aproni yake, akamwambia bosi, "Mie muda wangu umefika. Kilichobaki nitakimaliza kesho, inshallah." Bosi akajibu, "Haya mama, kesho." Basi, akatoka zake! Mimi nikabaki kumkodolea macho kwa wivu.

Mwanangu, nilimwonea wivu yule mwanamke, usiniulize. Tulikuwa rika moja, wote wa kijiji cha Mahurunga, tumeanza kazi pamoja. Lakini yeye alilala usingizi wake, akacheka na watoto wake, uso umenawiri. Mimi sikujua kusema siwezi. Viporo vya wenzangu nilivibeba mimi, ilimradi bosi anisifu. Punda afe, mzigo ufike! Simu ikilia nikiwa nakula, moyo ulinilipuka. Nikawa namfokea mume wangu bila kosa, na usingizi siupati. Siku hizi ninyi mnaliita tatizo la afya ya akili. Sisi tulisema tu fulani kawa mkali, tukamkwepa.

Sasa, dada yangu alikuwa na binti, Zuhura, amewekwa unyagoni kule Mahurunga, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa somo wake. Unajua kwetu: siku ya kutolewa mwali, somo ndiye humfunua kanga usoni mbele za watu, na tangu hapo binti ni wake, wa kumwambia ya furaha na ya aibu mpaka kaburini. Kanga yenyewe nilishainunua, nimeikunja vizuri kabatini.

Asubuhi ya siku ya kutolewa Zuhura, bosi akatuuliza nani atabaki kupokea lori la korosho. Sharifa, ambaye naye alialikwa, akasema, "Mimi leo nina shughuli, bosi, nilikwambia tangu juzi." Bosi akanitazama mimi. Lo! Badala ya kusema na mimi nina shughuli, tena yangu kubwa kuliko yake, nikaropoka, "Nitabaki mimi." Nilitaka Sharifa aone nani anapendwa pale. Nikajipa moyo kwamba lori likishusha tu, nachukua bodaboda, nitawahi.

Lori likapasuka tairi njiani. Nilipofika Mahurunga ngoma zilishanyamaza, na Zuhura yuko mkekani, uso wazi, ameegemea bega la Sharifa. Nikamwendea nyakanga, yule bibi aliyesimamia unyago, nikaanza kujitetea: mara kazi, mara lori, mara tairi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuwa mgonjwa tungekungoja hata kesho," akasema. "Lakini mwenzio katoka kazini hapo hapo, na bosi ni yule yule. Mwali hangoji lori, mama."

Nililia, mwanangu, na si kwa majuto peke yake. Nililia kwa wivu. Na wivu huo ungalipo, sikufichi. Zuhura sasa naye ni mama. Uchungu ulipomshika alimpigia simu Sharifa, somo wake. Mimi, mama yake mdogo, nilizisikia habari sokoni nikinunua muhogo, nikachekacheka pale kana kwamba nilikuwa najua.

Usidhani Sharifa aliniibia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Amani yake aliiunda mwenyewe, kwa neno alilolisema mapema na kwa adabu. Na wewe uliyeanza kazi juzi, simu haikutoki mkononi hata kwenye sinia la wali, nisikilize. Fanya kazi yako vizuri, na muda wako ukiisha, aga. Ukizidiwa, sema umezidiwa kabla hujaanza kuwafokea wasiohusika. Siku ya watu wako itangaze mapema, na ukishaitangaza usiiuze kwa sifa. Ukimwonea wivu anayeondoka na roho yake nyeupe, usimsengenye. Inuka, uondoke naye. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi ilinichopoka ile niliyoipenda.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie kazi ikulishe, isikule wewe. Na siku mwali wako atakapotolewa, mkono utakaomfunua kanga uwe wako. Kanga yangu mimi bado ipo kabatini, haijakunjuliwa. Ichukue.