Mashua ya Mkono Mmoja

Mume wangu alirudi kutoka hospitalini na mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwepo, lakini kiharusi kilikuwa kimeuua. Aliuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi bandarini Kilindini, kwenye tagi, akivuta meli kubwa kuziingiza gatini. Sasa alishinda dirishani kwetu Mji wa Kale akitazama mkono wa bahari uliokuwa chini ya nyumba.

Siku moja tukinywa chai akasema, "Nataka mashua ya tanga. Ndogo, ya kutembelea. Nimechoka na kelele za injini tangu ujana wangu."

Binti yetu, anayeishi Ganjoni, alikuwa amekuja kututazama. Akaweka kikombe chini. "Baba, hata kifungo cha shati wafungiwa na mama."

Mume wangu aligeuza uso dirishani, na mimi nikaona shingo yake ilivyokonda. Nikasema, ili yaishe, "Kutazama si kununua. Tutakwenda kutazama."

Ya kwanza tuliikuta Tudor, imepandishwa ufukoni juu ya magogo. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi mpya ya buluu, nami nikaipenda papo hapo. Mume wangu akaizunguka polepole na mkongojo wake. Akainama, akabonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Akamshukuru mwenye mashua kwa adabu, tukaondoka. Njiani akaniambia, "Rangi imepakwa juu ya kuoza."

Ya pili ilikuwa kubwa, ina vitanda na jiko, lakini mkuku wake, ule uti wa chini ya mashua, ulikwenda chini sana. Alisema maji yakitoka tutakwama nayo kwenye kila hori, kila mkono wa bahari wa pwani hii, tukae tusubiri yajae. Nilimwona amefurahi kuikataa. Kwa mara ya kwanza tangu augue, kulikuwa na jambo alilolijua kuliko sisi sote.

Ya tatu ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mtu wa makamo aliyekuwa na maumivu ya magoti. Mashua ya faiba, nyeupe iliyofifia, ina kijichumba cha kulala watu wawili wakipendana. Mkuku wake ulipandishwa na kushushwa, kwa hiyo iliweza kuingia kwenye maji machache. Mume wangu aligonga sitaha kwa vifundo vya vidole, hapa na pale, akisikiliza kama anayechagua nazi. Akaniomba nishuke ndani ninuse. Nikamwambia panasikika chumvi tu, si uvundo. Akakagua waya za mlingoti kama zina kutu, akataka tanga likunjuliwe. Lilikuwa na viraka viwili, lakini nyuzi zilikuwa bado na nguvu. Kamba zote zilikuja mpaka nyuma, karibu na usukani, ili mtu asilazimike kuinuka.

"Nijaribu?" akamuuliza mwenyewe.

"Karibu, mzee wangu."

Akaishika kamba kwa mkono wa kulia, akavuta, akaibana kwa meno ili ashike mbele zaidi. Tanga likapanda hadi katikati ya mlingoti, kisha kamba ikamponyoka, likaanguka lote juu yake. Tukamtoa chini ya kitambaa. Akajaribu tena, likaanguka tena. Yule mwenye mashua akageuka akajifanya anatazama Nyali, ng'ambo ya maji.

Nilidhani tunarudi nyumbani. Lakini mume wangu alijifuta mdomo, akanipa kamba. "Hebu vuta wewe."

Nikavuta. Tanga likapanda mpaka juu.

"Zito?"

"Si zito sana."

"Basi ni hii," akamwambia yule bwana.

Kwenye tuktuk nilikuwa na hasira. "Wanunuaje mashua usiyoweza kuitweka tanga?"

"Sikuja kutafuta ninayoiweza mimi," akasema. "Hiyo haipo. Nilitafuta unayoiweza wewe."

"Mimi sijui bahari."

"Nitakufundisha. Mtu akibebwa chumbani ni mgonjwa. Akibebwa baharini ni abiria."

Akanifundisha. Asubuhi za upepo mwanana tulipita chini ya daraja la Nyali tukaingia Tudor, yeye ameegemea mto, akinionyesha kwa kidevu pa kuelekeza. Nilipokosea hakunikaripia, alingoja mashua yenyewe initikise. Safari moja tulitoka nje, Ngome ya Yesu ikabaki nyuma yetu, tukafuata pwani hadi Mtwapa. Tulikula mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, akalala usingizi mzito jua likimpiga usoni. Nilimtazama nikijua kwamba siku kama ile haitanirudia mara nyingi.

Haikurudi. Kiharusi cha pili kilimkuta nyumbani, baada ya sala ya alasiri, amekaa anangoja kahawa. Nilipoingia na birika alikuwa ameshafariki.

Nikakaa eda, sitoki nyumbani. Mvua za masika zikanyesha, na mashua ikawa imefungwa pale chini, peke yake. Nilijua inajaa maji. Aliyeteremka kuyachota ni binti yangu, kila Jumapili, akiwa amepandisha buibui mpaka magotini. Hakuniambia, niliambiwa na jirani. Nilipomuuliza alisema tu, "Ingezama, mama," akaanza kulia, nasi hatukuwa tumelia pamoja tangu mazishi.

Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe. Mimi na binti yangu tuliikwangua chaza na majani ya bahari, nikatweka tanga, nikatoka peke yangu. Mashua haikukubali. Kila upepo ulipozidi ililala upande wangu, nikarudi nikidhani nimesahau yote niliyofundishwa. Baadaye ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimejifunza kuiendesha ikiwa na uzito wa mume wangu.

Nilijaza madumu maji, nikayafunga upande wa pili, pale alipokuwa akiegemea mto. Sasa inakwenda sawa. Natoka asubuhi, siku nyingine na binti yangu, mara nyingi peke yangu, nami siendi mbali. Mtwapa bado sijaweza.