Daktari wa Figo na Mkwe wa Mama Kabula

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya miaka ile ya wakimbizi ambayo hadi leo haijanitoka. Umeniambia umechaguliwa kusomea udaktari, nami nimefurahi kuliko ninavyojua kuonyesha. Basi kaa nikusimulie habari za mwalimu wangu. Wewe utafundishwa na wengi, tena hodari, lakini wa aina yake sijui kama utampata.

Alikuwa Daktari Kokusima, mama wa Kihaya, mfupi, mwenye sauti ya chini, bingwa wa figo wakati ambapo wengi wetu hatukujua kama figo zina bingwa wake. Alikuwa amesoma mpaka Ulaya akarudi. Wakimbizi walipofurika Ngara kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo, na kuhara kukaanza kuua watu kambini na vijijini, yeye aliacha ofisi yake nzuri mjini akaja huku, hadubini yake ameipakata garini safari nzima. Alitaka kujua kwa nini mtu anapona kuhara, halafu figo zake zinafunga na kumwua. Alichukua wanafunzi wachache wa kumsaidia. Mimi alinichukua kwa sababu nyumbani ni Mbuba, hapo hapo Ngara, na Kihangaza changu kinaelewana na lugha za ng'ambo ya mpaka. Usidhani ni kwa akili.

Tulifanya kazi katika hospitali iliyojaa wagonjwa hadi kwenye veranda. Wauguzi hawakutosha, kwa hiyo kupima mkojo ilikuwa kazi ya ndugu wa mgonjwa. Kila ndugu alipewa jagi la plastiki lenye mistari, na asubuhi daktari anapopita, ndugu anamwambia mkojo umefika mstari gani. Ukiwa mwingi, figo zinafanya kazi, na mgonjwa anaongezewa dripu. Usipokuwepo, dripu inafungwa haraka, maana maji yasiyo na pa kutokea huishia mapafuni. Vipimo hivyo hivyo ndivyo vilivyokuwa utafiti wake.

Siku hizo akaletwa Mama Kabula, Msukuma kutoka upande wa Biharamulo, amekauka kwa kuhara hata macho yameingia ndani. Kabula, binti yake, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, hivyo aliyemleta ni mkwewe, mume wa Kabula, kijana mmoja mrefu aitwaye Masanja. Naye alipewa jagi kama wengine. Kila asubuhi alitusubiri mlangoni kofia mkononi, akampa daktari shikamoo, na akiulizwa habari za mkojo wa mama alijibu kwamba umefika mstari wa juu. Dripu ikaendelea.

Asubuhi ninayokuambia tulimkuta Mama Kabula amevimba uso na miguu, anahema kwa shida, hawezi kulala chali. Daktari akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akamsikiliza kifua. Kisha akainama akatoa jagi chini ya kitanda. Lilikuwa kavu, na ndani yake buibui alikwisha kutandaza utando. Akafunga dripu kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza sindano ya kutoa maji mwilini, halafu akatoka nje kumtafuta Masanja.

Mwenzetu mmoja, Deo, alikuwa amemtangulia. Deo alikuwa na ulimi mkali siku zile, na alikuwa akimwuliza kijana wa watu kama amedhamiria kumwua mama wa mkewe. Watu waligeuka kutazama. Daktari akamwambia Deo anyamaze, kisha akamwuliza Masanja kwa upole kulikoni.

“Daktari, yule ni mama mkwe wangu,” alisema. “Kwetu mimi sisogelei hata anapolala. Chakula chake nampa mtu ampelekee. Huo mkojo ningeushikaje? Nikaona nikisema sijui, mtasema huyu mama hana mtu, mtamwacha.”

Deo alitaka kusema tena, daktari akamzuia kwa mkono.

“Nisamehe, baba,” alimwambia Masanja. “Nilikuuliza jambo usiloweza kulijibu, tena nikaliamini jibu. Kosa ni langu.”

Fikiria, mwanangu. Bingwa mzima, mbele ya wanafunzi wake na kadamnasi ya wagonjwa, anamwomba radhi kijana mchunga ng'ombe. Nilishikwa na fahari hata machozi yakanilenga.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mkimbizi anayemuuguza mwanawe. Alikubali kushika jagi, akacheka akisema kwamba yeye hana ukwe na Msukuma yeyote. Mashine ya kusafisha damu hatukuwa nayo. Tulichoweza ni kumketisha Mama Kabula, kumpimia maji ya kunywa kwa kikombe, na kumwomba Mungu. Daktari alipita pale kila alipopata nafasi, na kila mara jagi lilikuwa kavu. Ikafika asubuhi yule mkimbizi akatoka wodini amelinyanyua jagi juu, lina mkojo wa kuonekana, tukashangilia kama timu yetu imefunga bao. Masanja alikuwa nje ya dirisha amegeuza mgongo. Mama mkwe wake akamtumia salamu kupitia yule mkimbizi, kwamba amwambie Kabula mama yake anarudi.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo. Daktari yeye alituketisha jioni ile, akatoa vipimo vyote vya mkojo vilivyochukuliwa na ndugu wa wagonjwa, kazi ya miezi mingi, akaanza kuvipiga mstari kimoja baada ya kingine. Utafiti ule ndio uliotarajiwa kumpa uprofesa. Nikamsihi amfute Mama Kabula peke yake, wengine awaache.

“Masanja ni yule tuliyemgundua,” alisema. “Wangapi hatukuwagundua?”

Akaanza upya. Safari hii, kabla ya kumkabidhi mtu jagi, aliuliza kwanza ni nani wa mgonjwa, na kwao anaruhusiwa nini. Uprofesa ulimchelewea, wenzake wakampita, naye hakununa. Alipoupata, kila mwaka somo lake la kwanza kwa wanafunzi wapya lilikuwa kosa lile, na alilitaja kuwa lake. Madaktari aliowalea wametapakaa nchi nzima. Deo ni mmoja wao, na siku hizi ana upole hadi unaudhi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usimwulize mtu swali kabla hujajua kama anaweza kulijibu. Akikudanganya, kabla ya kukasirika jiulize alikuwa anaogopa nini kwako. Na ukikosea, sema mwenyewe, hata kama kusema huko kutakufutia kazi ya miezi. Mama Kabula alirudi Biharamulo akampakata mjukuu wake.

Nenda kasome. Mungu akupe mikono mitulivu na moyo usioona haya kuomba radhi, akukutanishe na mwalimu kama wangu, na awajalie wagonjwa wako wathubutu kukuambia, “Daktari, sijui.”